Koki ya Kushika kwa Mkono

Bashay, Mbulu
9 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mzee naye mfikishie shikamoo yake, uniambie na mguu wake unaendeleaje. Kaka Agustino na wifi Judica nawasalimu. Huku tupo. Emanuel anaamka, anakwenda shamba, anarudi. Tunaandaa matuta ya kitunguu saumu. Doris amejifunza kufunga vifungo mwenyewe, ila anaanzia chini, basi cha juu kinabaki hakina mwenzake, anatembea hivyo hivyo kama mlevi mdogo.

Simu zako naziona. Sizipokei, usichukie. Nikisikia unavyovuta pumzi kabla ya kuongea, nashindwa. Kwenye karatasi naweza. Kwa hiyo na wewe niandikie.

Mama, shida yangu ni koki. Emanuel ametuvutia maji mpaka jikoni. Bomba limetoka kwenye laini ya mradi, limepita nyuma ya zizi, limeingia ukutani. Sinki tumeweka. Koki aliyonunua hapa ni ya plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa. Fundi Pascal aliifunga asubuhi. Mchana nilipoizungusha, shingo ilibaki mkononi mwangu na maji yakaruka mpaka darini. Doris alicheka sana. Mimi nilisimama nikalowa, naangalia tu. Emanuel ndiye aliyekimbia kufunga kule nje.

Kwa nini nataka maji ndani, unajua. Lakini ngoja niandike, maana tangu tumzike yule mtoto mwezi wa pili mimi na wewe hatujaongea. Nyumba ikifiwa na kichanga, mwenye nyumba hachoti maji pamoja na wenzake, na hakuna anayekunywa kwake, asije akampelekea mwenye mimba msiba huo, mpaka wazee waseme imetosha. Padre alisema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu wakaitikia Amina, wakatoka nje, wakanipisha njia.

Kwenye bomba la kijiji hakuna anayenifukuza. Wanafanya vizuri, ndiyo shida yenyewe. Juzi nilikuta foleni ndefu. Zita, yule jirani wa juu, akasema, "Mama Doris, chota tu wewe, sisi hatuna haraka."

"Nasubiri zamu yangu."

"Hapana dada, chota, chota. Una mtoto nyumbani."

Wakasogeza ndoo zao zote. Nikachota. Nilipogeuka nyuma nikaona wameacha koki wazi, maji yanamwagika chini bure, ndipo wakaanza kuweka ndoo. Hakuna aliyetamka neno metimani, huko kutengwa kwa mfiwa. Siku hizi halitamkwi, linafanywa tu.

Sasa nataka koki nzuri ya jikoni. Ya shingo ndefu inayogeuka, sufuria kubwa iingie chini yake. Isivuje. Isiachie mkononi. Nikiifungua ndani kwangu sitampisha mtu, wala mtu hatanipisha. Katesh maduka ni mengi, na wewe unakwenda mnadani kila mwezi.

Kama utaweza kuileta mwenyewe, karibu. Kama huwezi, mpe kondakta wa gari la Mbulu, ananijua.

Ni mimi binti yako,
Evaline


Dirma, Hanang
30 Machi 2025

Mwanangu Evaline,

Milele amina, na marahaba. Barua yako ilikaa kwa kondakta mpaka ikapata alama ya kikombe cha chai. Anasema ni barabara ilikatika. Labda ilikatika, labda alisahau, yeye ni mtu wa kusahau hata mke wake stendi.

Mzee hajambo kidogo. Mguu unamuuma asubuhi, ikifika saa ya pombe unapona. Ng'ombe mwenye baka amezoea mahindi ya jirani, tumeitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Agustino yupo. Judica ana mimba, mwanangu. Tumbo limeanza kuonekana, siwezi kukuficha. Ile ya kwanza iliharibika, unajua, kwa hiyo sasa hivi hata kuinama kuokota kijiko anaomba ruhusa. Anatarajia mwezi wa tisa.

Sasa koki. Nilikwenda kwa Hadiya, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Akaniona akasema, "Mama Agustino, leo tena misumari?"

Nikasema, "Leo nataka koki ya jikoni isiyodanganya."

"Zikiwa kwenye boksi zote zinadanganya. Njoo huku."

Akaniwekea kadhaa mezani. Akasema nizishike kwanza bila kuangalia. Moja nyepesi kama ganda la yai. Nyingine nzito, mkono unashuka. Akasema, "Sasa geuza, angalia chini kwenye meno yanapoingia bomba. Huku juu kila mtu anapaka. Chini hawapaki, wavivu." Ile nyepesi meno yake yalikuwa na rangi ya bati. Nzito yalikuwa manjano. Ndiyo shaba hiyo. Kisha akatoa kipande cha sumaku alichong'oa kwenye redio mbovu, akaipitisha. "Ikinata, ina chuma ndani, itakula kutu. Mwachie mwenye duka lake." Nikamwambia si mwenye duka ni wewe? Akacheka mpaka ushungi ukadondoka.

Nimekuchagulia ile ya mkono mrefu, ambayo haizungushwi. Unausukuma tu pembeni maji yanakuja. Hadiya akasema hata kwa kiwiko inafunguka. Nikasema basi nipe hiyo hiyo. Ni nzito, ni shaba, shingo yake inageuka. Nimeifunga kwenye kitenge, kitenge ni chako.

Kule nitakuja mambo yakitulia. Kula, mwanangu. Usiseme umekula wakati hujala.

Mama yako,
Marieta


Bashay, Mbulu
16 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Mzigo nimeupata. Kitenge ni kizuri, nimekiweka. Mpe Judica hongera. Naiandika kwa moyo mweupe, usiisome mara mbili kutafuta kitu. Mwambie asibebe ndoo.

Mvua huku ni nyingi, maji ya mradi yanakuja mekundu. Doris alikuwa na kikohozi, kimepungua. Maziwa yangu yamekauka. Sikufanya chochote, yamekauka yenyewe. Nakaa, halafu nagundua nimekaa. Nafua nguo zile zile. Emanuel ananiuliza kitu, namjibu, akiondoka sikumbuki aliuliza nini. Siyo kwamba naumwa.

Fundi Pascal alikuja kuifunga koki. Akaitoa kwenye kitenge, akapiga mluzi. "Shemeji! Hii umeipata wapi? Hii ni ya hospitali."

"Ya hospitali kivipi?"

"Zipo kule wodini. Daktari anafungua na kiwiko, hivi. Hataki mkono wake uguse alipogusa mgonjwa." Akainua kiwiko, akazunguka jikoni kama daktari, Doris akamfuata naye na kiwiko chake juu.

Nikamwambia aiache mezani kwanza. Akasema pia kwamba ndani ya koki za namna hii kuna vijisahani viwili vya kaure vinavyosagana, na maji yetu yana mchanga wakati wa mvua, vitakwaruzika ianze kudondosha. Lakini si kwa sababu hiyo nimemzuia.

Mama, uliichagua kwa nini? Kwa Hadiya hazikuwepo za kuzungusha?

Bado nachota bomba la kijiji. Nakwenda saa ambayo wengine wameshaondoka, nisiwasumbue na heshima zao.

Evaline


Dirma, Hanang
4 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo wote. Judica anatapika, lakini anatapika vizuri, anakula tena. Mzee ameapa hatakwenda kwa balozi mara ya pili, anasema ng'ombe ajitetee mwenyewe. Mahindi ya bondeni yameoza mizizi kwa maji. Ya juu yanapendeza. Padre amebadilishwa, huyu mpya ni kijana, anahubiri anaangalia saa. Kuku wako mweupe uliyemwacha ametaga juu ya kabati la vyombo, nimemwacha.

Kuhusu koki, ile ni nzuri kuliko zote zilizokuwepo pale. Hadiya mwenyewe kwake ana hiyo. Wewe una mtoto, unapika, mkono una unga wa ugali au samli, utashikaje koki? Unaichafua. Kwa kiwiko unafungua, unanawa, unafunga. Ni hivyo tu. Mambo ya wodini ni maneno ya Pascal, fundi anayeongea sana hufunga vibaya.

Mchanga mwambie aweke chujio kule nje bomba linapoanzia. Kitu kidogo.

Nilitaka kuja wiki ya Pasaka nikapata mafua. Kisha mvua.

Mwambie afunge, mwanangu. Maji yawe ndani.

Mama


Bashay, Mbulu
18 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na mzee pia. Nashukuru kwa habari za kuku.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Sasa nitaandika moja kwa moja, na mahali nitakapokosa adabu unisamehe, mimi ni mtoto wako, si mtu wa njiani.

Mafua ya Pasaka hukuwa nayo. Agustino alimpigia Emanuel Jumatatu ya Pasaka, akasema mama yuko shambani tangu asubuhi.

Siku ya mazishi ulikuja, ukasimama nje ya ua. Nilikuona dirishani. Ulikuwa na ile khanga ya kijani. Nikajua huingii. Nilimwambia Emanuel, muache mama, ana Judica nyumbani. Wakati ule mimba yake hata hamjasema, lakini nilijua, maana nilikuona umeshika khanga hivi mdomoni usivute hewa ya huku. Sikukasirika. Nilidhani siku moja utasogea hatua moja, siku nyingine hatua nyingine.

Halafu nikaomba koki. Ukasimama dukani, ukashika moja moja, ukapima uzito, ukaangalia meno, ukapitisha sumaku. Na katika zote ukachagua ile ambayo mtu anaweza kuchota maji nyumbani kwangu bila kugusa nilipogusa. Uliichagua kwa ajili yako, mama. Ili siku ukija ufungue kwa kiwiko, uondoke, umrudie Judica na mikono safi. Najua ni upendo. Nimeufikiria upande wote nikaona kweli ni upendo. Lakini siwezi kuufunga ukutani niuangalie kila asubuhi.

Nikuambie jambo la Doris. Juzi mtoto wa Zita alikuja mpaka kwenye ua wa minyaa, akaingiza mkono katikati, akampelekea Doris kipande cha muwa. Doris alirudi nyuma akaficha mikono mgongoni. Akamwambia, "Usinishike. Sisi hatushikwi." Alisema tu kama mtu anayesema leo hatuna chumvi. Halafu akaendelea kucheza na vifuniko vyake.

Mimi kwa upande wangu naweza kukaa hivi hata mwaka. Sisikii kitu, mama, kwa hiyo hainiumi kama mnavyofikiri. Lakini mtoto huyu nataka aone mkono wa bibi yake umeshika mahali mama yake anaposhika. Mara moja tu. Hiyo itamtosha.

Kwa hiyo koki nakurudishia kwa kondakta. Haijafungwa, Hadiya atakubali. Nataka ya kuzungusha, ya shaba, ya kushika kwa mkono. Ya kawaida. Ukiona huwezi, nirudishie tu salamu, nitamwambia Emanuel atafute Babati.

Nakupenda. Sijaiandika mapema kwa sababu ingekuwa kama naomba, na siombi.

Evaline


Dirma, Hanang
22 Juni 2025

Evaline,

Marahaba. Tumevuna maharage. Mzee mzima, anakusalimu.

Ndiyo. Ni hivyo ulivyosema. Niliichagua kwa sababu hiyo.

Nimekaa mwezi mzima natafuta namna nyingine ya kuiandika, haipo. Nilipoona ile ya kiwiko pale dukani, moyo wangu ulifurahi kweli, nikasema Mungu amefungua njia, nitakwenda kwa mwanangu na sitamdhuru mwingine. Sikuona kwamba wewe utaiona. Mzazi huwa anafikiri mtoto haoni.

Mimi siamini kama mzee anavyoamini. Lakini Judica amelala chumba cha pili, usiku anakohoa nasikia, nasema isiwe mimi. Ukiniambia hakuna kitu, nitasema kweli hakuna. Halafu miguu haitembei.

Nilimrudishia Hadiya. Akaichukua, akaigeuza, akaniangalia. "Mama Agustino, watu wanarudisha mbovu, wewe unarudisha nzuri?"

"Mwenyewe hajaipenda."

"Ina nini?"

"Haishikiki."

Akaiweka kando. Yeye ni mtu wa biashara, anajua mteja anaposema kitu na anapomaanisha kingine. Akaniletea za kuzungusha. Nikazishika zote. Nyingine kichwa chake kidogo, kinateleza mkono ukiwa na sabuni. Nyingine ina kichwa cha msalaba, imeshikika vizuri, lakini Hadiya akasema ile meno yake ni mafupi, fundi akikaza sana inapasuka. Tukabaki na moja. Kichwa chake kinajaa kiganja, kina migongo kama boga dogo. Ndani yake kuna mpira, mchanga hauuharibu haraka, na ukichakaa Pascal atauweka mwingine, upo kila duka. Hadiya akasema hii bei yake ndogo kuliko ile, kwa hiyo watu wanaipita wakidhani ni dhaifu. Meno yake ni manjano, nimeangalia mwenyewe.

Nimempa kondakta leo hii. Kuja siwezi, mwanangu. Mpaka Judica ajifungue. Mwezi wa tisa si mbali. Baada ya hapo nitakuja.

Mama yako


Bashay, Mbulu
13 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini maharage yamekauka kabla ya umande. Huku baridi imeshika, asubuhi mlima hauonekani. Kitunguu saumu kinaendelea vizuri, tumepalilia. Doris amehamia chumba chake, Emanuel amempigia kitanda cha mbao. Anapita anawaonyesha ng'ombe kwa mbali kwamba ana chumba.

Koki imefungwa. Pascal alizungushia ile tepu nyeupe, akakaza, akafungua kule nje. Ikatoa hewa kwanza, ikakohoa, ikatoa wekundu, halafu maji. Haivuji. Nimeweka kitambaa kikavu chini yake kuanzia asubuhi mpaka nilipomaliza kupika, kimebaki kikavu. Shingo inageuka bila kelele. Umechagua vizuri. Kiganja kinajaa kweli.

Nimeosha vyombo vyote, hata ambavyo havikuwa vichafu. Nilitarajia nitasikia kitu. Nimesikia baridi ya maji, basi. Lakini nilikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna aliyenisubiri nimalize.

Kuhusu ulivyoandika, nimekuelewa. Siandiki hivi kwa uchungu. Hata hasira nimeitafuta, sijaipata. Kaa na Judica. Mimi nimeshajua nyumba ikikosa kichanga inakuwaje, simtakii mwanamke mwingine, simtakii hata wewe kuisikia kwenye chumba cha pili. Kama kuja kwako kungeletea nyumba hiyo hofu, bora usije.

Ila nakuomba kitu kimoja na ukishike. Usiniandikie tena kwamba utakuja. Ni Pasaka, ni mvua, ni mambo yakitulia, sasa ni mwezi wa tisa. Kila nikisoma nafagia chumba. Nimechoka kufagia. Doris aliniuliza nafagia kwa ajili ya nani, nikasema kwa ajili ya vumbi.

Niandikie habari za ng'ombe na za mahindi na za kuku. Hizo nazisoma vizuri, nikizimaliza nalala. Ukinipenda niandikie hizo.

Wasalimie wote, na tumbo la Judica lisalimie.

Evaline


Dirma, Hanang
3 Agosti 2025

Mwanangu Evaline,

Marahaba. Barua hii usiijibu kwa sababu sitakuwepo huku kusoma jibu.

Ulinikataza nisiseme nakuja. Basi sisemi. Nakueleza yaliyotokea, ufanye hesabu mwenyewe.

Alhamisi nilikuwa nachambua mbegu na Judica. Akaniuliza, "Mama, kwa nini wifi Evaline haji hapa, wala wewe huendi?" Nikasema, kwa ajili yako. Akaacha kuchambua. "Kwa ajili yangu? Nani kaniuliza mimi?"

Nikasema ndiyo desturi.

Akasema, "Mimi ile ya kwanza iliharibika hapa hapa ndani, hamkwenda msiba popote, hamkugusa mtu. Iliharibika tu. Sasa tumbo langu mimi, mnamtenga nalo mwenzangu aliyefiwa? Hapana, mama. Mimi sikubali nitajwe." Alikuwa analia, lakini kwa hasira, na mbegu zote zikamwagika. Nikamuuliza nani atamshika akijifungua. Akasema, "Nina mama. Yupo Katesh, ana miguu." Amempigia simu saa ile ile. Mama yake amefika jana, ameleta unga, ameleta mchele, ameshaanza kunipangia jiko langu. Nikibaki hapa tutapigana.

Mzee nilimwambia jana. Alisugua ule mguu wake. Kisha akasema, "Ukiingia kule ukala, ukanywa, hapa hurudi mpaka wazee waseme imetosha. Na mtoto wa Agustino humshiki."

Nikasema, "Najua."

"Ni mtoto wa kwanza wa mwanao wa kiume."

"Najua, baba Agustino."

"Nani atanipikia?"

"Mkwe wako na mama yake. Wanawake wawili. Hujawahi kuwa tajiri hivi."

Hakucheka. Lakini asubuhi hii nimekuta amenitolea lile begi kubwa la safari juu ya dari, amelifuta vumbi, ameliweka mlangoni.

Huyo mjukuu atazaliwa nitasikia kwa simu. Atakaa, atacheka, labda atatembea, sijamshika. Nimeshalia kwa hilo, nimemaliza, ukiniona usianze kunililia wewe. Na usiniambie nirudi. Ukiwa mdogo nilikuwa nakuamulia mambo, nimekuamulia hili la mwisho.

Zita na wenzake wakija kunisalimia nitatoka mpaka kwenye ua niwasalimie, halafu niwaambie ninakaa humu. Wajue ni nyumba ya watu wanne.

Gari linaondoka Katesh Jumanne. Barua hii ninampa kondakta leo ili itangulie, lakini kwa ninavyomjua tutafika pamoja.

Nitalala chumba cha Doris. Mwambie bibi yake anakoroma, ajue mapema.

Mama